Kamba ya Begi la Libère

Mume wangu hakai. Simaanishi kwamba haonekani nyumbani. Nyumbani yumo, tena anajaa tele, lakini kukaa kitako kwenye kiti kama watu wengine ndiko kunakomshinda. Chai anakunywa amesimama dirishani. Redio anaisikiliza akitembea toka mlangoni mpaka jikoni na kurudi, na chumba chetu cha Umbilo, hapa Durban, kilivyo kidogo, hiyo si safari, ni kero tu. Kanisani anakaa ukingoni mwa benchi, goti linacheza, mpaka benchi zima linatikisika na akina mama wananigeukia mimi, kana kwamba goti ni langu.

Na chini ya kitanda alikuwa na begi. Lilikuwa la turubai, rangi ya kijani iliyopauka, zipu ilishakufa zamani, kwa hiyo alilifunga kwa kamba ya nailoni ya buluu aliyoiokota bandarini siku za ukibarua. Nguo zake zilikaa humo. Shati alilichomoa asubuhi, nikilifua analirudisha humo humo, wakati kabati lipo na nafasi ipo. Jambo likimwendea vibaya, alikuwa akipiga magoti, analikaza lile begi kwa kamba, analisogeza karibu na mlango. Basi hapo mimi najua, tunahama. Kamba ikiwa imelegea, ninapumua. Nimeishi na mwanaume huyu kwa kuangalia kamba.

Jina lake Libère, mzaliwa wa Bujumbura. Ukimuuliza alikotoka atakwambia bila shida. Ukimuuliza kwa nini aliondoka, anainuka anakwenda kuangalia kama bomba linavuja. Alishuka kusini nchi baada ya nchi, na hakuna hata moja iliyomweka, hata kwetu Tukuyu alipita, anasema mvua ilizidi. Tulikutana hapa Durban mwaka tisini na sita. Mimi, Atuganile, nilikuwa nashona nguo za watu Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi, naye alileta suruali niipunguze, akanisubiri amesimama. Nilimwambia, "Kaka, kaa, kiti hakiumi." Akacheka, wala hakukaa. Ningepaswa kuelewa siku ile ile.

Mtoto wetu Gloriose alizaliwa Greyville. Meno aliotea kwenye chumba kingine karibu na bandari, maana mwenye nyumba wa Greyville alimfokea Libère kuhusu taka na yeye akafunga begi jioni hiyo hiyo. Kutembea akatembelea Umbilo. Mtoto wa miaka miwili ana anwani nyingi kuliko mjumbe wa posta! Na kila tulipohamia, kabla hata sijatundika pazia, nilikuwa nasikia wimbo ule ule: "Atu, Cape Town iko muzuri. Kule iko viwanja mingi."

Viwanja alivyovitaka ni vya tenisi. Hiyo ndiyo kazi yake, na hapo ndipo hadithi yake ilipo.

Mimi tenisi niliijulia kwake, na hadi leo naiona kama ugomvi wa watu wawili juu ya kitu ambacho hakuna anayekitaka: kila mmoja anataka mpira uende kwa mwenzake usirudi. Lakini Libère aliipata utotoni. Jirani na kwao kulikuwa na klabu, na mzee mmoja, Barthélemy, aliwafundisha watoto wa mtaa baada ya wenye klabu kwenda zao. Viwanja vya kule si vya saruji. Ni vya udongo mwekundu uliosagwa laini. Kwenye udongo, mpira ukianguka unaacha alama, na alama hiyo ndiyo hakimu. Mkibishana kama mpira ulikuwa ndani au nje, mnakwenda kuitazama, na yule ambaye alama inamkataa anaifuta mwenyewe kwa soli ya kiatu. Akishaifuta, amekubali. Hakuna neno tena, mnaendelea. Mzee Barthélemy aliwafundisha kufuta alama kabla hata ya kuwafundisha kushika raketi sawasawa.

Sasa, mwaka ule ule tuliokutana, Libère alikuwa kibarua wa kushusha mizigo bandarini. Kurudi alirudi kwa miguu, kwa sababu kwenye teksi lazima ukae. Siku moja akapandisha kwa njia ya Glenwood, akasikia mlio wa mipira nyuma ya miti. Kilikuwa chuo, jina lake nitaliacha, chenye viwanja vya saruji chini ya kilima. Juu ya viwanja walikuwa wamekata kilima ili wapate pa kuegesha magari, na udongo wa mlima ule ni mwekundu. Mvua ikinyesha unateremka, unamwagika juu ya saruji. Jioni ile ilikuwa baada ya mvua. Libère alisimama kwenye uzio akaona uwanja mwekundu.

Alichofanya baadaye kinafaa kufanywa na mwendawazimu. Aliingia, akachukua fagio lililoegemezwa kwenye uzio, akaanza kufagia. Hakuombwa na mtu. Alifagia kwa mzunguko, kutoka kando kuelekea katikati, akirudi kinyumenyume ili asikanyage alipopita, kama walivyofanya Bujumbura. Kocha wa chuo, Bwana Perumal, Mhindi mnene mwenye kofia ya majani, akaja mbio kumfukuza. Alipomkaribia akasimama akatazama lile fagio linavyozunguka, akajua huyu amekulia uwanjani. Halafu badala ya kumfukuza akaenda kumletea raketi.

Ndivyo alivyoingia. Mwanzo alibeba vikapu vya mipira, baadaye akawarushia wanafunzi mipira ya mazoezi, na hapo ndipo miguu ile isiyotulia ilipopata kazi. Angeweza kuwarushia asubuhi nzima, anakimbia huku na huku, wanafunzi ndimi nje, yeye hajaloa jasho. Wakampa jina la Coach Manje, kwa sababu ndilo neno la Kizulu alilolishika kwanza, "sasa hivi", na alilisema mfululizo: manje, manje, manje! Mwaka wa tisini na saba wakampa cheo, kocha msaidizi, na fulana yenye nembo ya chuo. Fulana ile aliilaza ndani ya begi pamoja na zingine.

Alama nazo hakuziacha. Saruji haina alama, kila mtu anajua. Kwenye saruji mpira ukianguka upande wako, unasema ndani au nje, na neno lako ndilo la mwisho, mechi za vyuo hazina mwamuzi wa mistari. Lakini viwanja vile vilikuwa na ngozi ya vumbi jekundu, kama unga unaobaki mezani baada ya kusukuma chapati. Fagia utakavyofagia, haliishi. Basi wanafunzi wakibishana, Libère alivuka, akachutama, akatazama, akafuta kwa mguu. Wakamcheka mpaka wakachoka. "Coach, hii ni saruji!" Yeye alishaanza kurusha mpira mwingine.

Aliyekuwa bora kati yao aliitwa Sibongiseni, kijana wa Umlazi, mrefu, mwenye hasira za karibu. Walimwita Sbo. Libère alimpenda kuliko wote na kumfokea kuliko wote.

Mwaka tisini na nane, katikati ya mwaka, Bwana Perumal akatangaza kwamba anahamia Johannesburg kwa binti yake. Nafasi ya kocha mkuu inabaki wazi. Mkuu wa michezo wa chuo akamwita Libère akamwambia waziwazi: lete kombe la vyuo mwezi wa kumi, nafasi ni yako, hatutatafuta mtu mwingine. Kazi ya kudumu! Jioni hiyo Libère alifika nyumbani, akaliburuta begi kutoka chini ya kitanda, akafungua kamba. Nikasema moyoni, yarabi, tumekwisha. Lakini alitoa shati moja, akalitundika kabatini. Akatoa la pili. Akatoa zote, mpaka ile fulana ya nembo, na kamba akaiviringisha akaiweka juu ya kabati.

"Unafanya nini, Baba Glori?" nilimuuliza, maana sikuamini macho.

"Bon, naweka nguo," alisema. "Kwani kabati ni ya nini?"

Nilitoka nje kwenye roshani nikalia kidogo, sioni aibu kusema. Wiki hiyo nilikuwa nimepata kona ndani ya duka moja la vitambaa barabara ya Umbilo, nimeweka cherehani yangu, wateja wameanza kunijua kwa jina. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilitundika pazia zito.

Fainali ilichezwa Jumamosi, kwenye viwanja vyetu wenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha, udongo ukateremka kama kawaida. Libère alikwenda alfajiri kufagia. Mimi nilifika baadaye na Gloriose mgongoni, nikakaa kwenye benchi la nje ya uzio karibu na Bwana Perumal. Libère alikuwa akipita mbele yetu, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, mpaka Perumal akamwambia, "Utachimba mtaro hapo."

Vyuo viwili vikalingana. Ikabaki mechi moja, ya Sbo na kijana wa kofia nyeupe. Walipigana mchana kutwa, hadi Sbo akabakiza pointi moja tu ashinde. Moja! Kijana wa kofia nyeupe akapiga mpira mrefu, ukaruka juu ya Sbo, ukaanguka nyuma kabisa kwenye kona. Sbo akageuka akatazama, akanyanyua kidole: nje. Watu wetu wakaruka. Perumal akanikumbatia na mtoto wangu mgongoni. Kombe limepatikana, kazi imepatikana, pazia langu limepona.

Kijana wa kofia nyeupe akasema mpira ulikuwa ndani. Walimu wake wakaanza kelele. Msimamizi wa mashindano akaingia akasema kanuni ni kanuni, neno ni la Sbo, mechi imekwisha. Alikuwa ameshanyoosha mkono wavulana wapeane mikono. Hata hapo bado tulikuwa na kombe.

Lakini Libère alisikia wanamwita Sbo mwongo. Hilo alilikataa. Nilimwona anafungua geti la uzio, anaingia uwanjani mbio, anapunga mkono kuwaita wale walimu wa upande wa pili: njooni, njooni muone! Alikuwa na hakika. Alitaka kuwaonyesha kwa macho kwamba mtoto wake amesema kweli. Akafika kwenye ile kona, akachutama.

Alichutama kwa muda. Kisha akasimama polepole, akanyoosha mguu wa kulia, akafuta.

Mimi sikuelewa kwanza. Niliona tu Perumal amevua kofia ya majani amejifunika nayo uso. Libère alikuwa anamwonyesha msimamizi kiganja kilicholazwa chini: ndani. Mpira ulikuwa ndani. Uligusa mstari. Kocha wa Sbo mwenyewe ndiye aliyesema, mbele ya chuo kizima, na msimamizi angefanya nini tena? Pointi akapewa kijana wa kofia nyeupe. Sbo alibaki anamtazama Libère mdomo wazi, na tangu hapo hakupiga hata mpira mmoja ulionyooka. Akapoteza gemu ile, akapoteza iliyofuata, akapoteza mechi. Raketi yake akaivunja kwenye nguzo ya neti.

Tulirudi Umbilo kwa miguu. Yeye mbele, mimi nyuma, mtoto amelala mgongoni, na mdomo wangu haukulala.

"Nani alikwambia uingie?"

"Walisema Sbo ni muongo. Nilienda kuonyesha wao."

"Na ulipoona mpira uko ndani, si ungenyamaza? Si ungeinuka ukarudi zako?"

"Atu, mguu ulienda yenyewe."

"Mguu!" Nilisimama katikati ya njia, watu wakageuka. "Mguu una mke? Mguu una mtoto? Umefuta nyumba yetu kwa kiatu, Libère, halafu unaniambia mguu!"

 Alikwenda tu. Tulipofika alitoa mashati yote kabatini, akayatia ndani ya begi, akachukua kamba juu ya kabati, akapiga magoti. Alikaza mpaka turubai likalia. Akalisogeza mlangoni.

Jumatatu alimkuta Perumal akiwa na habari. Nafasi amepewa kijana mmoja kutoka Pietermaritzburg, mwenye cheti. Libère abaki msaidizi kama anataka, hakuna anayemfukuza. Alikuja kunieleza akiwa dirishani. "Nitafanya mpaka mwisho wa mwezi," alisema, "halafu Cape."

Wiki zile sizitamani. Begi lilikaa mlangoni, ukiingia unaliruka, ukitoka unaliruka. Gloriose alilipanda kama farasi. Mimi nikawa ndiye nisiyekaa: nashona mshono mmoja nainuka, nakwenda mlangoni mwa duka kutazama barabara, narudi, nasahau nilichokuwa nashona. Nilimkatia mteja mkono wa blauzi mfupi kuliko mwenziwe. Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliniuma. Na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichonitia kichaa: kila nikimkumbuka amechutama pale kwenye kona, sikuweza kusema kwamba amekosea.

Mwisho wa mwezi ukakaribia. Nikaamua. Nitamwambia mimi na mtoto hatuendi, aende peke yake na begi lake. Nilijua nikisubiri arudi nyumbani nitalainika, kwa hiyo nilimwachia Gloriose jirani yangu Kidawa, nikapanda kilima alasiri nikamkute kazini kwake, maneno yangu yako tayari mdomoni.

Walikuwa kwenye mazoezi. Nilikaa kwenye lile benchi la nje ya uzio nikisubiri amalize. Na hapo nikaona jambo ambalo hakuwa amenieleza. Walikuwa wanamdhihaki. Kila mpira ulioanguka karibu na mstari, wavulana walikimbilia wote, wakachutama kama vyura, wakakuna videvu, halafu mmoja ananyoosha mguu juu kama askari wa gwaride na kufuta saruji, na wengine wanaanguka kwa kicheko. "Ndani, Coach Manje! Ndani!" Libère aliendelea kurusha mipira. Alikuwa anarusha kwa nguvu mno. Nilitamani niingie niwapige vibao mmoja mmoja.

Sbo peke yake hakucheka. Tangu fainali hakuwa amemsemesha Libère, walikuwa wanapishana kama mabubu. Alikuwa uwanja wa pili anacheza na kijana mgeni, mchezo wa kweli, maana mshindi ndiye angekuwa namba moja wa timu mwaka unaofuata. Nao walikuwa wamefika pabaya, kila pointi wanapiga kelele. Mgeni akapiga mpira ukaanguka nyuma ya Sbo. Sbo akanyanyua kidole, nje. Mgeni hakubisha hata kidogo, alishageuka anakwenda kuokota mpira mwingine. Hakuna aliyekuwa anatazama isipokuwa mimi na Libère.

Sbo akaenda kuanza pointi nyingine. Akasita. Akarudi nyuma kwenye ule mstari, akainama akatazama vumbi, na mguu wake ukatoka ukafuta. Ulifuta kidogo tu, bila madaha, kama mtu anayezima sigara.

Halafu akashtuka. Akatazama kiatu chake, akatupa mikono juu. "Eish, Coach!" alipiga kelele kwa Kiingereza. "Umeniharibu! Umeniharibu kabisa!" Akamwambia mgeni pointi ni yake.

Wavulana wengine wakageuka. Libère alikuwa na mpira mkononi, ilikuwa zamu ya kuurusha. Hakuurusha. Alisimama. Namaanisha alisimama, mguu haukucheza, goti halikucheza, mkono umeshika mpira hewani. Sijawahi kumwona hivyo tangu aniletee ile suruali. Kisha akasema, "Manje, Sbo. Manje. Endelea."

Maneno yangu nikayameza. Niliinuka nikashuka kilima mbio mbio kabla hajaniona.

Nyumbani nilipiga magoti mbele ya begi. Fundo lilinishinda kwa vidole, nikalifungua kwa meno. Nikaivuta ile kamba ya buluu yote, nikaenda nayo kwenye roshani, ncha moja nikaifunga kwenye bomba la maji ya mvua, nyingine kwenye msumari wa dirisha. Nikaanika magauni ya Gloriose, shuka, na ile fulana ya nembo niliyoifua hapo hapo. Halafu nikaketi kitandani kumsubiri, wala sikuwa na hakika ya chochote.

Akaingia. Akaliona begi limefunguka mdomo.

"Atu. Kamba yangu iko wapi?"

"Iko nje," nilisema. "Imebeba nguo za mwanao."

Akatoka kwenye roshani. Nilimsikia hasogei. Nikashindwa kuvumilia, nikainuka nikamfuata mpaka mlangoni. Alikuwa anaitazama ile fulana inavyodondosha maji. Akaishika kamba akaivuta, akaona upande wa msumari inateleza.

"Nani alifunga hivi?" aliuliza. "Hii haitashika. Upepo ya huku unaijua?"

Akaifungua kwenye msumari, akaipitisha upya mara mbili, akaikaza kwa lile fundo la bandarini linalofunga mizigo ya meli, ambalo huwezi kulifungua tena ila ukate. Akalijaribu kwa kuning'inia kidogo na uzito wake. Kisha akaingia ndani akaomba chai, akainywa amesimama dirishani.